Namna ya Kuwa Mke Mwema Upareni Bila Kuchoka Sana

Hongera, mdogo wangu. Harusi imepita, kamati imevunjwa, mweka hazina wake hapokei simu, na wewe uliyekulia Mbagala umeolewa Mbaga. Majina yanatofautiana silabi moja tu. Mahali panatofautiana kwa zaidi ya mita elfu moja kwenda juu, barabara ya kona tupu, na mama mkwe. Kwenye kichen pati walikufundisha kukata kachumbari, kutandika kitanda na mengine yasiyoandikika hapa. Hakuna aliyekwambia namna ya kupanda mlima na ndoo ya lita 20 kichwani huku kila nyumba unayoipita inataka kusalimiwa.

Mimi sikufundishi kazi. Kazi wenyeji wanaziweza, wamezifanya tangu hujazaliwa, na hazijawapa sifa yoyote. Ninakufundisha sifa. Kijiji hakina muda wa kupima umefanya nini. Kinachoangaliwa ni ulionekana wapi, saa ngapi, na mkononi ulikuwa umeshika nini. Ukilishika hilo, umeshapumzika nusu ya wiki.

Hatua ya kwanza: Fika ukiwa umebeba kitu

Utashukia Same. Ni joto, ni upepo, ni vumbi, kwa sababu mawingu yanayotoka baharini hutua mzigo wao milimani na upande wa Gonja, na Same ikabakiziwa upepo wao. Usihukumu Upare kwa stendi. Panda gari la kwenda juu, kaa mbele karibu na dereva, lala. Ukiamka utakuta migomba, ukungu na watu waliovaa makoti, nawe umevaa kigauni cha Kariakoo.

Mizigo mikubwa ipande bodaboda. Mwambie kijana aishushe nyuma ya mgomba wa mwisho, pale ambapo nyumba haijaonekana. Kutoka hapo twika begi kubwa kuliko yote kichwani, tembea taratibu, hema. Hizo hatua chache za mwisho ndizo zitakazosimuliwa.

Zawadi: sukari, sabuni, majani ya chai kama nyumba inakunywa chai (hilo tutalifikia), na mkate. Mkate nunua hapohapo Same, useme umetoka nao Dar. Mama mkwe ataubonyeza, ataunusa, atasema kweli mkate wa Dar ni laini. Anajua. Mkate uliosafiri zaidi ya kilometa 400 ndani ya buti la basi haufiki na umbo lile. Anajua, na amefurahi kwamba umemjali kiasi cha kumdanganya.

Hatua ya pili: Salamu ni mapumziko

Watu wa huku husema Chasu, au Kipare kama wanavyokiita wa nje. Usilalamike kwamba ni kigumu. Mmisionari Mjerumani Ernst Kotz alichapisha sarufi nzima ya lugha hiyo mwaka 1909, na hakuwa na mume Mpare wa kumfundisha usiku. Lakini sarufi haituhusu sisi. Mnunulie mtoto wa wifi yako pipi, akufundishe salamu ya kuanzia na jibu lake. Zaidi ya hapo, inamisha kichwa, shika kiwiko cha mkono unaotoa, na itikia “eee” ndefu inayoshuka. Mzee atauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, za yule aliyelazwa. “Eee” moja inatosha kwa zote, isipokuwa ya aliyelazwa. Hapo ongeza pumzi ndefu.

Kanuni kubwa: usimsalimie mkubwa huku unatembea. Simama, tua mzigo, piga goti kidogo. Wenyewe wanaiita heshima, na ni heshima, lakini iangalie vizuri uone faida iliyojificha humo. Ni mapumziko halali yasiyoweza kulaumiwa na mtu. Ndoo ikikulemea, tafuta mzee wa kusalimia. Mlimani hawakosekani.

Majina ya ukoo yasikuumize kichwa. Mmbaga, Mchome, Mshana, Mgonja, Msangi, Mrutu: utakutana nayo yote kabla ya saa nne asubuhi. Mwite kila mwenye mvi “baba” au “mama” uendelee na safari. Kitu kimoja tu: usijitie kuhukumu habari za koo. Huko Ugweno, karne nyingi zilizopita, Wasuya chini ya Angovi waliwapindua Washana, ukoo wa wahunzi waliokuwa wakitawala. Yapo makabila yangeiita hiyo historia. Hapa utampata mzee wa kukusimulia kana kwamba bado rufaa haijasikilizwa.

Na siri ya mwisho ya lugha: siku utakapoanza kuielewa, usiseme. Endelea kutabasamu kama mgeni. Utasikia mambo ambayo hata mumeo hajaambiwa.

Hatua ya tatu: Makande, na elimu ya moshi

Hapa tutulie, maana hapa ndipo ndoa nyingi hupimwa.

Makande ni mahindi na maharage, basi. Tanzania nzima wanajua kupika makande, na Tanzania nzima wanakubali kwamba wenyewe ni Wapare. Kwa hiyo ukikosea pilau watasema umechoka. Ukikosea makande watampigia simu mshenga. Tatizo la chakula hiki si ufundi, ni muda. Mahindi yaliyokobolewa yanalowekwa usiku, maharage nayo, kisha yanachemka na kuchemka mpaka uanze kuwaza maisha yako yangekuwaje ungeolewa na yule wa Temeke.

Njia ya mkato ya kwanza ni magadi. Kidogo yanalainisha haraka. Yakizidi, chungu kinakuwa cheusi na kinanuka sabuni, na mama mkwe atakuuliza kwa upole kama leo ulikuwa unafua. Usitegemee magadi.

Njia ya pili ni mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, na presha kuka. Viweke chumbani, nyuma ya sanduku la vitenge. Makande yaliyolowekwa yanaiva humo wakati wewe unachati na rafiki zako. Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu wengi wameumbuka hapa: kuficha gesi ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni kutengeneza moshi. Nyumba isiyotoa moshi asubuhi inaulizwa kama kuna mgonjwa. Kwa hiyo washa kuni kwenye mafiga kama kawaida, tupia majani mabichi mawili matatu, moshi upenye kwenye bati uonekane mpaka ng'ambo ya bonde. Juu ya mafiga bandika sufuria kuukuu la maji. Sufuria hilo liwe na masizi. Kama ni jipya, lipake. Mkwe akipita atasema, “Mwanangu unajitesa, kuni zenyewe mbichi.” Wewe futa machozi. Ni ya kweli, moshi ule hauna mzaha.

Yakiiva, hamishia makande kwenye sufuria lenye masizi, yakoroge kwa mwiko wa mti, yaache yashike chini kidogo. Makande yasiyo na ukoko hayana ushahidi.

Mumeo atakula, atanyamaza, kisha atasema ni mazuri ila si kama ya mama. Usigombane naye. Kesho peleka bakuli lako kwa mama yake, mwombe ampakulie yeye kutoka jikoni kwake. Atalamba vidole. Usimwambie mpaka mfikishe miaka kumi ya ndoa.

Na siku mtungi utakapogunduliwa, maana utagunduliwa, usilie. Simama wima, utaje Serikali. Sema kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na wewe hukupenda familia hii ionekane inaivuta nchi nyuma. Baba mkwe atakohoa, ataomba urudie hiyo asilimia. Mama mkwe ataomba aonyeshwe namna ya kuwasha. Kuanzia hapo gesi inakwisha mara mbili kwa kasi ya zamani, lakini moshi mnasaidiana kuuwasha.

Hatua ya nne: Msaragambo, au mwenye daftari halimi

Siku moja alfajiri utasikia mbiu. Hakuna kilichoungua. Ni msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare tangu enzi za mababu: kusafisha mifereji, kuziba barabara iliyokatika, kuzibua ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kijadi. Maji ya mfereji huingia humo usiku watu wakiwa wamelala, asubuhi lango linafunguliwa na wenye zamu wanamwagilia mashamba. Ni ufundi wa akili sana, na unakaa hai kwa sababu kila mtu anachimba tope lake. Asiyekwenda hutozwa faini. Bibi harusi asiyekwenda hutozwa faini na maneno.

Basi nenda. Tena wahi kuliko wote, kwa kuwa anayewahi huonekana na kila anayefika, na anayechelewa kuondoka huonekana na wachache tu. Usije na jembe jipya. Kama huna jingine, lichomeke kwenye tope usiku kucha. Vaa khanga yenye kiraka. Chimba kwa nguvu zako zote katika robo saa ya kwanza, wakati mwenyekiti wa kitongoji anahesabu vichwa.

Halafu mwenyekiti atatoa daftari la mahudhurio na kuanza kutafuta miwani. Hiyo ndiyo nafasi yako. Jitokeze kwa unyenyekevu, sema mwandiko wako si mzuri sana lakini utajitahidi. Daftari likishaingia mikononi mwako umeokoka. Mwenye daftari halimi. Mwenye daftari anatembea kutoka juu ya mfereji mpaka chini, anauliza majina, anajibiwa kwa adabu na wanaume waliomzidi umri mara tatu, na anajua nani alituma mtoto badala ya kwenda mwenyewe. Katika miezi michache utakuwa mtu wa kuogopwa. Baada ya mwaka watakuchagua katibu wa kitu fulani, na hapo hutalala tena, lakini hilo ni somo la mwongozo mwingine.

Onyo moja lisilo na utani: lango la ndiva usiliguse. Hata kama ni zamu yenu, hata kama mumeo yuko safari na mahindi yananyauka. Mwache mwanamume wa ukoo alifungue mbele ya watu. Mlimani ukiiba kuku utasemwa, ukiiba maji utakumbukwa.

Hatua ya tano: Wiki ya siku nne

Upare Mungu amewapa wageni wavivu neema kubwa, na nashangaa wachache wanaitumia.

Waadventista Wasabato walifika Mamba, mahali paitwapo Giti, mwaka 1903. Huko ndiko kazi yao katika nchi hii ilikoanzia, na mpaka leo Upare Kusini imejaa Wasabato. Walutheri nao wana dayosisi yao, Dayosisi ya Pare, makao yake yako Same. Waislamu ni wengi pia, milimani na tambarare. Na ukoo mmoja unaweza kuwa na wote: mama mkwe Msabato, baba mdogo mzee wa kanisa la Kilutheri, shangazi amekwenda kuhiji. Wanazikana, wanaozana, wanachangiana.

Sasa fungua kalenda. Ijumaa kwa Msabato ni siku ya maandalio. Jua likizama Sabato inaingia, kwa hiyo kuni zote, maji yote na mapishi yote ya Jumamosi hufanywa Ijumaa. Ni siku nzito kuliko zote. Siku hiyo mchana ndipo utakapokumbuka kwamba shangazi ni mtu mzima na anahitaji wa kumsindikiza msikitini. Msindikize. Msubiri. Mrudishe kwake, kunywa naye uji, msikilize habari za Maka tangu uwanja wa ndege. Utafika nyumbani jua linazama, na kazi imekuwa dhambi.

Jumamosi unakwenda na mama mkwe kanisani tangu shule ya Sabato asubuhi mpaka jioni. Umepumzika kwa amri ya nne. Usipike kitimoto nyumba hii hata ndotoni, na kabla ya kumwaga majani ya chai kwenye sufuria uliza kwanza. Wasabato wa kale hawataki majani wala kahawa. Chemsha mchaichai au tangawizi. Tangawizi ya Mamba Myamba ni kali na ina sifa nchi nzima, nawe utasifiwa kwa kutumia mazao ya nyumbani, wakati ukweli ni kwamba majani ya chai yaliisha Alhamisi.

Jumapili baba mdogo anasoma somo kanisani, na familia isipowakilishwa ni aibu. Nenda uwakilishe. Ukae mpaka mwisho wa mnada wa sadaka, wakati ndizi, mayai na jogoo vinapigiwa bei nje ya kanisa. Mikono iwe mapajani. Kuna bibi harusi aliyempungia shoga yake mkono akarudi na jogoo wa watu na deni.

Hesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Zimebaki nne. Na kwa hizo tatu utasifiwa kuwa una hofu ya Mungu, jambo ambalo hata wewe litaanza kukuingia.

Hatua ya sita: Kuku wa jirani

Watani zenu Wachaga wana kisa wanachokirudia kila wakikutana na Mpare: kwamba Mpare anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Usikicheke mbele ya baba mkwe kabla hujajua kama ana kesi.

Kuku wa jirani ataingia bustanini kwako, atakula mchicha. Usipige kelele, kelele ni kwa watu wa tambarare. Toka na daftari na kalamu. Simama mahali jirani anakuona, mtazame kuku, tazama saa, andika. Usiseme neno. Fanya hivyo mara ya pili. Kuku atafungwa kamba kabla ya mara ya tatu, kwa sababu katika milima hii hakuna kinachotisha kuliko mwanamke mwenye tarehe. Ulichoandika si lazima kihusu kuku. Unaweza kuwa unaorodhesha mahitaji ya dukani.

Usidhani vibibi hawa wanaokuuliza habari kwa sauti ya chini ni wapole. Wakati wa mkoloni serikali ilileta kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiria mali ya kila mtu. Mwaka 1945 wanaume wa Upare kwa maelfu walishuka kwa miguu hadi Same, wakapiga kambi kwa bwana mkubwa wa wilaya, wakakaa. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hiyohiyo, ameiandikia historia. Wanaume walipokawia kurudi, wanawake wa Usangi walimwendea huyo bwana wakampa machaguo mawili: amalize ugomvi wa kodi waume zao warudi nyumbani, au awatie mimba wote yeye mwenyewe. Kodi baadaye iliondolewa. Sasa wewe fikiri upya kama kweli unataka kubishana na wajukuu wa akina mama hao kuhusu mpaka wa migomba.

Hatua ya saba: Mwanafunzi hachoki

Mama mkwe hataki msaidizi, anataka mwanafunzi. Mpe.

Kila kazi nzito ianze kwa swali. “Mama, hivi majani ya ng'ombe mnayafungaje huku?” Atakuonyesha. “Mama, nimesahau ule mkunjo wa pili.” Atakuonyesha tena, mara hii akiyafunga yote. Mara ya tatu atakunyang'anya kamba akisema wasichana wa Dar hawajafundwa, na jioni atawaambia wenzake kwamba mkwe wake ni msikivu, anapenda kujifunza. Mzigo umefungwa, ng'ombe amekula, sifa umepata wewe. Jihadhari tu usijifunze kweli. Mwenye kujua anaachiwa.

Mnamo mwezi wa tatu litaanza lile swali. Halitaulizwa kwa maneno. Watakutazama usoni, kisha tumboni, kisha watauliza habari za afya. Ukitaka nafuu, kula embe bichi na chumvi ukiwa umeegemea ukuta wa nyumba, upande wa njia. Basi. Usidai lolote. Jioni hiyohiyo ndoo itapokelewa njiani, jembe litafichwa, na yai la kuchemsha litakuja na mtoto likiwa limefunikwa sahani. Embe moja linakupa miezi mitatu. Baada ya hapo utadaiwa maelezo, na maelezo hayo yanahitaji mumeo ashiriki.

Hatua ya nane: Safari ya jina

Utafika wakati unataka kushuka Same, ukae peke yako, ule chipsi mayai bila kukaribisha mtu. Usiseme unakwenda kutuma hela. Mawakala wapo hadi kijijini. Usiseme unaumwa, watakusindikiza watu watano.

Sema unakwenda kubadilisha jina. Sasa wewe ni mke wa mtu, na jina la ukoo lazima liingie kwenye kitambulisho, benki, bima, laini ya simu. Baba mkwe atakupa nauli kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hili halina mwisho: leo kuna kiapo, kesho kuna picha, keshokutwa mtandao uko chini. Hakuna sheria inayokulazimisha kubadilisha jina kwa sababu umeolewa, lakini habari hiyo haina faida kwa mtu yeyote pale nyumbani, kwa hiyo iache ilipo.

Mjini oga. Siku hizi kuna mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe unaovuta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, uliozinduliwa mwaka 2025, kwa hiyo nyumba ya wageni yenye bomba haitakuona mwendawazimu ukiulizia bafu. Ukibakiwa na muda, nenda mpaka lango la Zange, uone mwanzo wa Hifadhi ya Mkomazi. Humo kuna faru weusi waliozungushiwa uzio. Wana walinzi, wana wataalamu wa kuwatazama afya, na hakuna anayewaamsha kwa mbiu. Wakizaa ndama mmoja taifa zima linashangilia na hakuna anayewauliza wa pili lini. Usirudi na hadithi hiyo kwa mama mkwe. Rudi na vitunguu, na malalamiko kuhusu foleni.

Hatua ya mwisho: Desemba

Mwezi wa 12 Wapare wa Dar wanarudi. Mawifi watashuka kwenye magari na miwani ya jua, watoto wao watauliza pa kuchajia simu, na wote watataka makande “ya asili, ya kuni”. Kufikia hapo wewe ndiye mwenyeji. Usiwapokee ukiwa umekaa. Wakute uko shambani, au unatokea shambani, au angalau uko upande ule ambao shamba lipo. Wape mkono ukiwa na udongo. Ongea Chasu na bibi wa jirani mbele yao, kwa kasi, maneno yoyote. Bibi atakuitikia, mlishapatana.

Watashika mikono yao vifuani watamwambia kaka yao amepata mke. Mmoja atakufuata jikoni atake kusaidia. Mpe kazi ya kupuliza moto. Apulize mpaka machozi yamtoke, apigwe picha, aende zake nje kupumua, kisha fungeni mlango wewe na mama mkwe na mwashe gesi, maana watu kumi na saba hawalishwi kwa moshi.

Wakati wa kuaga watauliza wakuachie nini. Sema hutaki kitu, wewe umezoea maisha ya huku. Sema mara mbili. Mara ya tatu taja kilo 6, na utaje duka, kwa sababu gari lao lina nafasi na linapita Same.